Maji Yaliyorudi Shimoni

Leo, saa mbili kasoro robo asubuhi, mafundi waliwasha pompe, mashine ya kuvuta maji, karibu na soko la Nyawera ili kukausha mtaro. Harufu ya petroli na tope baridi iliponifikia, nilisimama.

Niliinusa mara ya kwanza kando ya mto mdogo, upande wa Mumosho, mwaka ule baba alipofariki. Shimo la dhahabu la mama lilijaa maji kila alipochimba, akakodi pompe kwa siku moja tu ili afikie kokoto za chini zenye dhahabu. Niliketi ukingoni peke yangu, nimeshika bomba lililotetemeka. Mama aliyaelekeza maji kwenye dimbwi la kuoshea kokoto, hatua chache juu ya shimo, yasipotee bure.

Kufikia mchana pompe ilikuwa bado inanguruma, na maji hayajapungua. Mchimbaji wa shimo la jirani alikuja kutazama, akacheka.

“Maman, uko unanywesha shimo yako! Ile maji iko inarudia.”

“Inarudia namna gani, papa? Haina miguu.”

“Inapita chini, mu kokoto. Ungeimwanga kule mto iko inashukia.”

Mama aliacha kutabasamu. Tulihamisha bomba, lakini petroli iliisha kabla kokoto hazijaonekana, na mwenye pompe akaichukua.

Jioni tulirudi nyumbani Nyalukemba, tukala. Mezani, mahali pa redio ya baba palikuwa patupu. Mama alikuwa ameiuza kwa zaire mia nane, pesa za wakati ule, ili akodi pompe.