Mgomba Unaozaa Kabichi

Pimbi wa Kamachumu, kwetu Uhayani, walikuwa wakilia mchana. Sauti yao ilipanda kutoka kwenye majabali yaliyo chini ya kibanja chetu cha migomba na kahawa, kali na ya kukwaruza kama bawaba isiyotiwa mafuta. Kila walipoanza, Tata aliacha jembe, akasogea hadi ukingoni pale ardhi inapokatika ghafla, akasimama kusikiliza. Tata ndivyo tunavyomwita baba kwa Kihaya. Kabla sijazaliwa alikuwa mpagazi upande wa Uganda, akiwabebea mizigo Wazungu waliopanda milima ya Ruwenzori. "Hawa wetu wamevaa mashati tu," aliniambia kuhusu manyoya yao. "Wa kule juu wamevaa mablanketi." Nilikuwa na miaka tisa, nikaamini.

Hakuwa mtu wa kukaa. Hata chakula alikula amechuchumaa, uso kauelekeza mlangoni. Lakini hiyo ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, kila kaya ikiwa na zamu zake katika shamba la kijiji, na mpaka wa Uganda ulikuwa umekuwa mgumu kuvuka, kwa hiyo aliishi nasi kama msafiri aliyeachwa na meli. Kilichobaki ni kusimulia. Alisimulia theluji. Alisimulia chozi, ndege mdogo wa kijani kinachong'aa, anayenyonya maua katika baridi inayogandisha maji ndooni. Zaidi ya yote alisimulia mmea mmoja mrefu kuliko nyumba. Sisi Wahaya hupimia kila kitu kwa mgomba, naye alifanya vivyo hivyo. Shina lake, alisema, ni nene kama la mgomba, lakini juu hakuna mkungu, kuna kabichi kubwa. Majani yaliyokufa hayadondoki, yanalifunika shina kama koti, maana huko hakuna mtu wa kuyapogoa. Jioni kabichi hujifunga, asubuhi hujifungua.

Kosa nililifanya mimi. Mwalimu wetu wa darasa la tatu, Mwalimu Novati, kijana mcheshi tuliyempenda, alituonyesha picha ya Kilimanjaro kitabuni akauliza kuna nini kule juu. Wenzangu wakajibu theluji. Mimi nikasimama nikasema kuna mgomba unaozaa kabichi.

"Nani kakwambia?"

"Tata. Aliuona Ruwenzori."

"Na ng'ombe wa huko, Koku, wanakamuliwa rubisi?"

Rubisi ni pombe ya ndizi, na darasa zima lilianguka kwa kicheko. Kufikia Jumamosi utani ulikuwa umefika kwenye ghala la kahawa. "Shikamoo Bwana Kabichi!" wanaume wa rika la Tata walimpigia kelele. "Mbegu utatugawia lini?" Mara ya kwanza Tata alicheka nao. Mara ya pili hakucheka. Nyumbani aliniuliza nilisema nini hasa, nikarudia yote huku nalia. Alisikiliza hadi mwisho, akasema sikukosea hata neno moja. Hilo liliniumiza kuliko kipigo.

Tata akataka ushahidi, lakini Ruwenzori haikufikika tena. Kilimanjaro ilikuwa nchini mwetu, ila hakuwahi kufika, wala hakujua kama mmea ule unaota huko. Alisema tu kwamba baridi ni baridi. Alimwomba mwenyekiti wa kijiji barua ya ruhusa ya kwenda kumwona ndugu mgonjwa Moshi, ndugu ambaye hatukuwa naye, na katikati ya msimu wa kahawa akashuka Bukoba kupanda meli ya Mwanza. Mama akabaki na kahawa mbivu, zamu mbili za shamba la kijiji na sisi watoto wanne. Shangazi alipokuja kumpa pole, Mama alimjibu kwa waitu, neno letu la heshima, bila kuacha kuchuma, "Wanaume wa wenzangu hufuata wanawake, waitu. Wangu kafuata kabichi." Walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikuweza kucheka. Nilijua kwamba asiporudi, nitakuwa nimemfukuza mimi kwa mdomo wangu.

Alirudi kahawa ya mwisho ikiwa mikekani. Alikuwa amekonda, midomo imepasuka kwa baridi. Kesho yake alivaa shati safi, akachukua kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile anayokaribishwa nayo mgeni wa heshima, akaja darasani kwetu. Ndani ya gazeti kuukuu alikuwa na jani moja kavu, refu kama mkono wangu. "Waitu mwalimu," alisema, "shina lilinishinda kubeba. Nimeleta koti lake." Mwalimu Novati aligeuzageuza jani lile kwa muda mrefu. Kisha akasema mbele yetu sote kwamba mzazi alisema kweli, na yeye alicheka kitu asichokijua. Akachukua punje mbili za kahawa, akatafuna. Kwetu hapo ugomvi umekwisha, nami nilidhani yote yamekwisha.

Mama hakuligusa jani. "Linapikwa?" aliuliza. Tata akasema hapana. "Basi likakae huko shuleni."

Na Tata, aliyekuwa ameshinda, hakuweza tena kutulia. Pimbi walilia, yeye hakusogea hata ukingoni. Moyo wake ulikuwa umeshaondoka. Kiangazi kilichofuata aliondoka bila barua ya mwenyekiti na bila mtu wa kumthibitishia chochote. Alituandikia mara tatu. Alikuwa mpagazi Kilimanjaro, ameona pofu, wale swala wakubwa kama ng'ombe, wakila nyasi mahali penye umande wa barafu, tusali, tumsaidie Mama. Barua ya nne haikuja. Miaka mingi nilimlaumu Mwalimu Novati, halafu nikajilaumu mwenyewe. Sasa naona Tata alikuwa akitafuta sababu, nami nikamwokotea.

Naona hivyo kwa sababu nina miaka arobaini na sita na ugonjwa ni uleule. Baada ya kidato cha nne nimeuza vitenge Bilele mjini Bukoba, nimepikia mafundi wa barabara Muleba, nimeishi Mwanza, nimekaa Moshi miaka miwili nikiwauliza wapagazi wazee, na hakuna aliyemkumbuka. Kila nilipozoea njia ya sokoni nilianza kufunga mizigo. Enzi zile mlima ulifuatwa kwa miguu, na aliyebaki nyumbani alingoja barua. Leo mwanangu, anayelelewa na dada yangu huko Kibeta, Bukoba, hangoji. Wiki iliyopita nilimwambia kwa simu kwamba naenda Mbeya kidogo, nikauone mlima Rungwe. Haikupita robo saa akanitumia picha, kilele kikiwa na ukungu na kima wa huko aitwaye kipunji akiwa tawini. Chini yake ameandika: "Ndio huo, mama. Umeshauona. Rudi."

Niliisoma nikiwa stendi ya Iringa, begi kati ya miguu. Nilimjibu kwamba nitakuja Krismasi, nikapanda basi la Mbeya.