Springi za Magunia Nisiyoyabeba

Pikipiki yangu haikuangushwa na mzigo. Haikuangushwa na barabara, wala na lori, wala na yule mbuzi niliyemsingizia mbele ya mdogo wangu. Niliiangusha mimi, tena ikiwa imesimama. Kwa miaka miwili nilikana jambo hili bila kupepesa macho, na ningeendelea kulikana kama uongo wenyewe usingekuja kuchomelewa kwenye chuma na fundi mzuri kabisa, hadi kuung'oa ikabidi itumike grainda, mashine ya kukatia chuma.

Nieleze. Mimi ni mfupi, na pikipiki niliyonunua ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye miguu. Ikitembea sina tatizo nayo. Shida ni kusimama, na pale njia ya vumbi itokayo kwa mdogo wangu, kijijini Mpapura, inapokutana na lami, hakuna namna ya kutosimama, maana msimu wa korosho malori yanayokwenda bandarini hayampishi mtu. Nilikuwa nikifunga breki, nateremsha mguu wa kushoto, mguu unatafuta ardhi, unaikuta ni mchanga, mchanga unakimbia, na mimi na pikipiki tunalala chini. Hatukuwahi kuanguka kwa kishindo. Tulikuwa tunalala polepole, kwa heshima zote, na ndoo mbili za korosho juu yetu.

Ndoo hizo zilikuwa za mdogo wangu. Anabangua korosho kwa mashine ya mkono, moja moja, vidole vimepakwa majivu ili mafuta ya ganda yasimchome, na bado yanamchoma. Kubangua kila mtu anaweza. Kazi ni korosho itoke nzima. Yeye zinatoka nzima. Kila Jumamosi ndoo mbili zilitakiwa zifike Mikindani, kwenye duka la mama mmoja wa Kihindi ambaye familia yake imefanya biashara pale tangu kabla babu zetu hawajaoa. Mimi, mwenye shahada ya chuo kikuu na kazi ya kuhariri miswada ya watu nikiwa nyumbani kwangu Ufukoni, nilijitolea kuwa msafirishaji. Niliona ni heshima. Niliona pia ni sababu nzuri ya kununua pikipiki.

Mama wa dukani ana sinia jeupe. Hamwamini mtu yeyote, anaamini sinia. Anamimina korosho, anapitisha kidole kimoja, nzima zinakwenda kushoto na vipande kulia. Kila nilipokuwa nimelala mchangani siku hiyo, upande wa kulia ulikua.

"Njiani kulikuwaje?" aliniuliza siku moja.

"Mzigo uliyumba."

"Ndoo mbili?"

"Barabara ni mbaya, dada."

Kwa mdogo wangu nilisema hivyo hivyo, nikaongeza yule mbuzi. Yeye ndiye aliyetoa wazo, kwa huruma, jambo ambalo liliniuma zaidi. "Dada, kwa nini usiipeleke kwa fundi akaiwekea miguu mitatu? Mzigo hautayumba tena." Nilijifanya nafikiri. Ndani ya moyo nilishangilia: chombo cha tairi tatu hakiteremshiwi mguu.

Fundi ana gereji kwenye barabara ya bandarini, imepakana na ghala dogo la korosho. Ni mtu mtaratibu, mkubwa wa mabega, na ana tabia ya kusikiliza hadi unaanza kujitetea. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimesoma kwenye mtandao wiki mbili nzima na kuchora mchoro wenye mishale, ambamo kila tairi la nyuma lilikuwa na mkono wake na shokapu yake, likipanda na kushuka bila kumtegemea mwenzake. Fundi aliugeuza mchoro mara mbili.

"Huu mzuri," alisema. "Kitatembea wapi?"

"Mpapura."

"Aa." Akaukunja, akanirudishia.

Kisha akanieleza kwa lugha ya watu. Ukitoa tairi moja la nyuma na kuweka ekseli yenye tairi mbili, lazima uamue ekseli hiyo itaning'inia kwenye nini. Unaweza kuifunga moja kwa moja kwenye fremu bila kitu chochote katikati, na hiyo ni kwa watu waliochoka na migongo yao. Unaweza kuweka springi za bapa, vyuma vilivyolala kimoja juu ya kingine kama vya lori. Au unaweza kuweka shokapu mbili, kama hizi hizi za pikipiki.

"Springi inabeba, na inaishika ekseli isiende mbele wala nyuma," alisema. "Shokapu inabeba tu, kushika haijui. Lazima uiwekee mikono ya kushikia. Sasa, mama, niambie. Unabeba nini?"

"Korosho."

"Kiasi gani?"

Hapa ndipo ningesema ndoo mbili. Lakini nilikuwa nimeshamwambia kwamba mzigo ndio unaoniangusha, na hakuna mtu mzima anayeangushwa na ndoo mbili.

"Magunia mawili," nikasema.

Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, safari fupi. "Wewe? Kwenye pikipiki?"

"Yanafungwa vizuri."

"Ndiyo maana unaanguka."

"Ndiyo maana," nikasema, nikajisikia kama mtu aliyefutiwa kesi.

"Na wewe mwenyewe una kilo ngapi?"

"Hamsini. Karibu."

Kwa magunia mawili, alisema, shokapu zitalala siku ya kwanza na hazitaamka. Akaweka springi za bapa, vyuma vitano kila upande, akachomelea kwa nguvu na kupaka rangi nyeusi. Kazi safi sana. Nilipoichukua, nilisimama kila mahali pa kusimama, na kwingine pasipo na haja, kwa raha tu ya kusimama mikono ikiwa kwenye usukani na miguu ikiwa mahali pake. Pale kwenye lami niliyapisha malori mpaka dereva mmoja akanipigia honi kunishukuru, au kunitukana, honi hazitofautiani.

Raha hiyo ilidumu hadi nilipoweka ndoo.

Pikipiki ya tairi mbili unaipitisha kati ya shimo na shimo. Ya tairi tatu ina njia tatu, na angalau moja itaingia shimoni. Tairi lilipoingia, springi zangu za lori hazikujua kama kuna kitu juu yake. Hazikubonyea hata kidogo. Ndoo ziliruka, mimi niliruka, mfuniko mmoja ukatoka wenyewe. Tulifika Mikindani, mama wa dukani akamimina kwenye sinia lake, kidole kikaanza kutembea. Upande wa kulia ukalingana na wa kushoto.

"Hizi mmezibangua kwa nyundo?" aliuliza.

"Ni barabara, dada. Wallahi ni barabara."

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka miwili kusema kweli dukani kwake, na alinitazama kama mtu anayesikia wimbo alioukinai. "Wenzenu wanapita barabara hiyo hiyo, na korosho zao zinafika nzima. Mimi wateja wangu hawanunui vipande. Jumamosi ijayo zikija hivi, nitachukua kwa wengine. Mwambie mdogo wako sina ubaya naye."

Nilimwambia. Nilidhani atakasirika, nilikuwa tayari kwa hilo. Badala yake aliitazama mikono yake, akaigeuza viganja juu.

"Labda ni mimi, dada," alisema. "Labda zinapata ufa ninapobangua, macho yangu hayaoni. Basi. Msimu huu tuziuze na maganda yake kama watu wote, nipumzike."

Huyu ni mtu aliyejifunza kubangua akiwa na mtoto mgongoni, ambaye hapendi kusifiwa kwa kitu chochote isipokuwa hiki kimoja. Ningeweza kusema pale pale. Nilifungua mdomo kabisa. Kilichotoka ni, "Ngoja kwanza nikaonane na fundi."

Kwa fundi niliingia kwa ukali wa mtu mwenye hatia. Nikamwambia springi zake ni mawe. Alinikalisha kwenye kiti cha pikipiki, akapanda nyuma yeye na mabega yake, akatingisha.

"Hazibonyei," alisema.

"Si nimekwambia!"

"Naona. Na magunia yakiwepo?"

Nikatazama barabarani. Lilipita lori, likapita lingine.

"Mama. Magunia mawili yakiwepo, zinabonyea?"

"Sijawahi kubeba gunia, fundi."

"Unabeba nini?"

"Ndoo. Mbili. Za plastiki."

Alishuka, akakaa juu ya tairi kuukuu, akacheka kimya kwanza, mabega tu yakitikisika, kisha kwa sauti. "Umenitengenezesha lori la ndoo mbili! Sasa ulikuwa unaangushwa na nini?"

Nikamwambia. Kuhusu miguu, mchanga, kulala polepole. Nilimwambia na habari ya mbuzi. Alipomaliza kupangusa macho, alisimama. "Twende ghalani. Maana na ile hamsini siiamini tena."

Ndivyo nilivyopimwa kwenye mizani ya korosho, katikati ya magunia mawili ambayo yalikuwa, nadhani, yale niliyodai kuyabeba.

"Sitini na nane," alisoma fundi.

"Nimevaa viatu."

"Vya chuma?"

Tulirudi gereji tukiwa na namba za kweli, na mazungumzo yakawa mafupi ajabu. Angeweza kupunguza vyuma kwenye springi, vibaki viwili kila upande. Zingelainika, lakini nikikaza mafuta mchangani ekseli ingejipinda na cheni ikaruka. Au angekata kila kitu na kuweka shokapu mbili, na mikono ya bomba ya kuishika ekseli, yenye bushi, vipete vya mpira, mwishoni. Hapo ningepoteza kitu kingine: chombo kingeinama kwenye kona, na shokapu si kitu cha kudumu.

"Springi hizi ungewaachia wajukuu," alisema. "Shokapu zitakurudisha kwangu kila baada ya muda. Unataka chombo kidumu, au unataka korosho nzima?"

"Korosho nzima."

"Na kona?"

"Nitapunguza mwendo."

"Mwendo gani?" aliuliza, akawasha grainda kabla sijajibu.

Nilikaa nikitazama cheche zikitoka kwenye kazi yake nzuri, rangi nyeusi ikiwa bado inang'aa. Siku tatu baadaye aliniita. Alikuwa amejaza mchanga kwenye ndoo mbili, kwa uzito ule ule wa korosho. Akanipandisha, akachuchumaa nyuma, akawa anazungusha pete iliyo chini ya kila shokapu na kupima kwa vidole vyake jinsi fremu ilivyoshuka.

"Vidole viwili," alisema. "Shokapu isipobonyea kabisa, haifanyi kazi. Ikibonyea yote, haina kazi iliyobaki. Hapa uko vidole viwili. Usinenepe."

Jumamosi nilibeba ndoo. Mashimo yalikuwa pale pale, lakini sasa yalikuwa yanaingia kwenye shokapu na kuishia humo. Kwenye kona ya kuingia Mikindani chombo kiliinama upande, nikapunguza mwendo hadi mwenye baiskeli akanipita na kunisalimia. Mama wa dukani hakuwepo, alikuwa harusini. Ndoo nilimwachia mume wake, ambaye haruhusiwi kugusa sinia na hakujaribu. Nikarudi Mpapura kungoja na mdogo wangu, kwa sababu sikuweza kungoja peke yangu.

Alikuwa ameinamia mashine, anabangua zile alizosema zitakuwa za mwisho. Ganda, kokwa, ganda, kokwa. Simu yangu ilipoita, mikono yake ilikuwa na majivu, nikabonyeza sauti ya nje na kuiweka juu ya gunia kati yetu.

"Shoga yangu," alisema mama wa dukani. Hakuwahi kuniita hivyo. "Niko na sinia hapa."

"Enhe?"

"Nimetafuta vipande."

"Umeviona?"

"Vichache, vya kawaida, havijai kiganja. Ndoo zote mbili. Mwambie mdogo wako asithubutu kumuuzia mwingine. Mikono kama hii sijapata."

Mdogo wangu aliinua uso. Akajifuta macho kwa kifundo cha mkono, ili majivu yasiingie. Ningekata simu wakati huo. Nilinyoosha kidole nikate.

"Lakini nieleze kitu," simu ikaendelea. "Kama mikono ndiyo hii, zile za miaka yote miwili zilipatwa na nini?"

"Zilikuwa zinaanguka," nikasema.

"Zinaangushwa na nani?" Hilo halikutoka kwenye simu. Mdogo wangu alikuwa ameacha kubangua.

"Nami."

"Na yule mbuzi?"

"Hakukuwa na mbuzi."

Mdogo wangu akasogea karibu na simu.

"Mara ngapi?" wakauliza wote wawili kwa pamoja.

"Nne," nikasema, na kwa kuwa siku ile ilikuwa ya namba za kweli, nikaongeza: "Kila mwezi."