Mboji ya Uchochoro Wetu

Nilihamia Tabora nikiwa na mimba ya kwanza. Mume wangu alikuwa fundi katika karakana ya reli, na tulipanga chumba kimoja katika nyumba ya bibi mmoja mjane, mtu wa mjini wa tangu na tangu. Babu zake waliingia na misafara wakitokea pwani, wakaoa Wanyamwezi, wakabaki. Mimi nilitoka kijijini Choma, kwenye ng'ombe. Nilikuwa sijawahi kuishi mahali ambapo mtu ananunua mchicha.

Miaka ile kauli ilikuwa moja: kila mtu alime. Balozi wetu wa nyumba kumi alipita mlango kwa mlango akisema mwenye nguvu aende shambani Itetemia, nje ya mji, na asiye na nguvu atafute pa kupanda hapo alipo. Mimi nilikuwa nimekatazwa na mkunga kushika jembe. Kwa hiyo nikamwendea bibi mwenye nyumba kumwomba kona ya ua.

"Ua huu nimeufagia tangu naolewa," alisema. "Hauchimbwi. Wala ukuta wangu hauguswi, una chokaa."

"Sasa nipande wapi, bibi?"

"Panda hewani."

Alisema kwa kunikatiza tu. Mume wangu aliporudi jioni nikamsimulia, akacheka, kisha akaanza kuwaza. Jumapili yake alileta gunia la katani, akalisimamisha uani kwa vijiti, juu ya mawe, kusudi lisiguse ardhi. Kulifanya lisimame haikuwa shida. Shida ilikuwa cha kulijaza, kwa kuwa udongo wa pale ni mchanga mtupu, maji yakimwagwa hayaonekani tena.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na uchochoro ambamo nyumba zetu zote zilitupa taka. Gari la taka lilikuwa limeacha kuja. Walisema halina vipuri. Maganda ya ndizi, majivu, makapi ya mpunga, vyote vilikuwa vimelundikana, na inzi walikuwa wengi kuliko watu. Nilimwambia balozi kwamba kwetu Choma rundo kama lile lingekuwa mali. Aliitisha kikao palepale uchochoroni, watu wameziba pua. Ikakubaliwa tutenge makopo na chupa, tulundike kinachooza, tuchanganye na samadi kutoka kwa wafuga mbuzi, tufunike kwa majani makavu na kugeuza kwa zamu. Mboji ikiiva, tugawane.

Nilishangaa kwamba watu walishika zamu. Mafundi, wauza kahawa, wake wa watumishi wa reli, kila mmoja aligeuza siku yake, ingawa kwa kunung'unika. Asubuhi za kipupwe rundo lilifuka moshi. Bibi mwenye nyumba aliuona akapiga kelele kwamba tunamchomea nyumba. Nikamshika mkono nikauweka juu ya majani ya rundo, asikie kwamba ni joto tu la kuoza. Aliuacha pale muda mrefu, vidole vyake vilikuwa vinamuuma kwa baridi. Baada ya hapo nilimkuta mara kadhaa amesimama uchochoroni peke yake, mikono kwenye mboji.

Kabla rundo halijaiva sawasawa tulichukua kidogo kwa majaribio. Tulijaza gunia letu, katikati tukapanga kokoto za kupitisha maji hadi chini, tukatoboa ubavuni na kuchomeka miche ya mchicha na figiri pande zote. Makopo ya maziwa tuliyaning'iniza kwenye mti wa kamba ya nguo, tukaotesha vitunguu. Haukupita muda gunia likawa kijani kitupu, limevimba kama mtu aliyevaa nguo nyingi. Bibi akahamishia kigoda chake cha kutawadhia kando ya gunia, maji yakawa yanaangukia mle. Majirani walikuja kutazama, wakaanza kutafuta magunia yao.

Siku ya kugawana ilipangwa Jumapili, baada ya watu kutoka kanisani. Jumamosi nilipoamka rundo halikuwapo. Ilibaki alama nyeusi ardhini na njia ya mkokoteni.

Siri haikudumu. Karani mmoja wa nyumba ya mkabala, ambaye hakugeuza mboji hata siku moja, alikuwa na shamba Itetemia. Balozi alipomwuliza, alijibu kwamba uchochoro umepakana na ukuta wake, na taka ni taka, haina mwenyewe. Mboji alikwisha kuifukia shambani kwake. Baadhi ya vijana walitaka kumpiga. Balozi alitaka kumpeleka ofisini, lakini hakujua angemshtaki kwa wizi wa nini.

Bibi mwenye nyumba alisikiliza yote akichambua mchele. Mwishowe akasema, "Mwacheni. Udongo wetu umekwenda Itetemia. Ukishaota, na sisi tutakwenda."

Nilidhani ni maneno ya kujifariji. Mvua zikanyesha, nikajifungua mtoto wa kike, nikasahau. Ijumaa moja alasiri bibi akanigongea, amevaa baibui, ana mwavuli na kapu. Nyuma yake walisimama wanawake wa nyumba karibu zote. "Mfunge mtoto mgongoni," alisema.

Tulitembea taratibu, yeye mbele. Shamba la karani tulilijua kwa mbali, lilikuwa limekolea rangi kuliko yote. Tukaingia tukaanza kuchuma mchicha kwa uangalifu, bila kung'oa mizizi. Karani alitokea kibandani akikimbia, kisha akamwona bibi, akasimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Mnafanya nini?"

"Tunachuma. Hamjambo nyumbani?"

"Hili ni shamba langu, bibi."

"Ndiyo, tunajua. Hakuna aliyelichukua. Hebu nishikie hapa."

Alitoa kanga kapuni, akampa ncha. Karani aliipokea, nadhani kwa mazoea tu ya kumtii mtu mzima, na akabaki ameishika huku bibi akijaza mboga. Hakuna aliyecheka. Mimi nilitazama uso wake; ulianza na hasira, ukaishia na uchovu. Tulipoaga alisema polepole, "Basi Ijumaa ijayo kutakuwa na mboga nyingine." Tukaenda Ijumaa hiyo, na nyingine kadhaa, hadi mchicha ukatoa mbegu.

Msimu uliofuata tulilundika upya, na karani alikuwa na zamu yake kama wengine, na aligeuza vibaya, akiogopa kuchafua viatu. Magunia yalisimama katika nyua za nyumba nyingi kwa miaka miwili mitatu. Baadaye gari la taka lilipata vipuri likarudi, na watu wakaona ni rahisi zaidi kulisubiri. Mume wangu alihamishiwa Kigoma. Bibi alitusindikiza stesheni, akampa mtoto kashata, akarudi nyumbani kabla treni haijaondoka, kwa kuwa mawingu yalikuwa yametanda na alikuwa ameanika mpunga.