Igizo la Mwaka wa Bati

Ikupa anauza mchele na maharage Tunduma, mtaa wa pili kutoka barabara ya malori, na kila ikifika Krismasi hukiacha kibanda chake akaenda kwao Itaka. Wateja wake kutoka upande wa Zambia, wale wanaomwita bamayo, yaani mama, na kulipa kwa kwacha, hawaelewi. Mchele unatoka siku hizo kuliko siku nyingine zote za mwaka. Yeye huwasikiliza, hucheka, kisha funguo humkabidhi Mwanaasha, jirani yake muuza viungo. Mwanaasha naye, Idi ikikaribia, humkabidhi Ikupa funguo zake na kupanda basi kwenda kwao Tanga. Wameishi hivyo miaka mingi bila kugombana.

Mwaka jana Mwanaasha alishindwa kuvumilia.

"Hivi mwenzangu, huko kwenu kuna nini? Watu wote wanatafuta mchele, mwenye mchele anakimbia!"

"Watoto wa shule wana igizo la Krismasi."

"Igizo tu?"

"Igizo tu."

"Basi nisimulie hilo igizo, maana nitaulizwa na wateja wako hapa mpaka nichoke."

Wateja walikuwa bado hawajaanza kuja. Ikupa akakaa juu ya gunia la maharage, akasimulia.

Shule aliyosoma ilikuwa ndani kabisa ya Itaka, mbali na barabara, katikati ya mashamba ya kahawa. Ilikuwa na madarasa mawili ya tofali za kuchoma na paa la nyasi, na walimu watatu. Mkubwa wao alikuwa Mwalimu Ferdinand, Mfipa mrefu mwenye sauti ya kwaya, ambaye alifika pale kijana na kuikuta Krismasi ya kijiji ni ibada, wali, na kulala. Akasema haiwezekani. Mwaka wake wa kwanza tu akaanzisha igizo. Shule ilikuwa inafungwa mapema Desemba, lakini tarehe ishirini na nne mchana watoto wote walirudi, na wazazi wao nyuma yao, wengine wametoka moja kwa moja shambani na majembe mabegani.

Hawakuwa na kitu, na walikuwa na kila kitu. Wachungaji walivaa magunia ya kahawa yaliyotobolewa matundu ya mikono. Mataji ya mamajusi yalikatwa kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, upande wa ndani ukageuzwa nje ili ung'ae. Mabawa ya malaika yalikuwa vitambaa vya kufuma vya kufunikia viti, vilivyoazimwa kwa mke wa mwinjilisti kwa masharti makali. Pamba ya ndevu ilitoka ndani ya godoro la Mwalimu Ferdinand mwenyewe, na inasemekana kufikia mwaka wa tano mwalimu alikuwa analalia gamba tupu.

Ikupa alipenda igizo kuliko Krismasi yenyewe. Tatizo lake lilikuwa moja: hakuweza kutazamwa. Nyumbani alikuwa msemaji, kisimani alikuwa msemaji, lakini akisimamishwa mbele ya watu sauti ilimkauka. Mwaka alioingia darasa la tatu alipewa nafasi ya mchungaji mwenye maneno manne. Alisema moja, akalia.

Mwalimu Ferdinand hakumfukuza. Alikuwa amegundua kwamba mtoto yule anajua maneno ya kila mtu, kuanzia ya malaika mpaka ya mwenye nyumba ya wageni. Akatundika vitenge viwili kwenye kona ya darasa, akaweka kigoda nyuma yake.

"Wewe kaa hapa," alimwambia. "Atakayesahau, mnong'oneze. Hakuna atakayekuona."

Ikupa akakaa. Kwa miaka miwili alikaa pale, kidevu kwenye magoti, akiwasikiliza wenzake na kuwaokoa mmoja mmoja. Aliyemtegemea zaidi alikuwa Rabson, mtoto wa jirani yao. Rabson alikuwa na mwili mkubwa na ngurumo ya mtu mzima, ndiyo maana alipewa kuwa Mfalme Herode, lakini maneno hayakukaa kichwani mwake hata kwa dawa. Yeye alisogea karibu na vitenge, akajifanya anawaza kama mfalme, Ikupa akanong'ona, naye akanguruma. Watu walimsifu sana. Ikupa hakuona vibaya. Kila Rabson aliponguruma, alijisikia kama aliyenguruma ni yeye.

Halafu ukaja mwaka wa bati.

Kahawa ilikuwa imefanya vizuri msimu ule, wazazi wakachanga, nyasi za shule zikashushwa na mabati mapya yakapandishwa. Kijiji kizima kilikwenda kuyaangalia yanavyomeremeta. Siku ya igizo watu walijaa kuliko mwaka wowote, maana walikuja kuona watoto na kuona bati. Babu yake Rabson alisafiri toka Ndalambo, akapewa kiti cha mbele kabisa, akakaa na koti lake la ibada, mikono juu ya fimbo, akimsubiri mjukuu wake awe mfalme.

Jambo moja hakuna aliyelifikiria. Mvua ya nyasi ni mvua ya kunyamaza. Mvua ya bati lisilo na dari ni kitu kingine.

Igizo lilianza vizuri. Malaika alisema yake, Mariamu na Yusufu wakafukuzwa nyumba tatu, mbuzi wa wachungaji akala taji la majani la malaika mmoja, akaondolewa. Ndipo Rabson akaingia, na mvua nayo ikaingia. Haikuanza kwa matone. Ilidondoka yote kwa pamoja, na darasa likawa kama ndani ya ngoma. Mama mmoja alikumbatia mtoto wake. Wengine walitazama juu wakacheka, wakifurahi kuona bati halivuji.

Rabson akasogea karibu na vitenge.

Ikupa akanong'ona. Rabson hakusikia. Akasema kwa sauti ya kawaida. Rabson hakusikia. Akapiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, na hata yeye mwenyewe hakujisikia. Kwenye upenyo kati ya vitenge aliona mgongo wa Rabson, halafu shavu lake alipogeuka kumtafuta. Mdomo ulikuwa wazi. Watoto wa mbele walianza kumnyooshea vidole. Babu wa Ndalambo alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja na kuweka kiganja sikioni, akiamini ni mvua tu inayomzuia kumsikia mjukuu wake.

Kiganja kile kilimshinda Ikupa. Hakukumbuka baadaye kama aliamua. Alijikuta tu amekwisha kupita katikati ya vitenge, peku, na sweta lake la shule lililotoboka viwiko, amesimama mbele ya watu wote, amemvuta Mfalme Herode sikio akimwambia maneno yake.

Rabson akanguruma. Kidogo kilisikika, lakini mikono yake ilijua kazi, na babu akapiga fimbo chini kwa furaha.

Kisha Jonasi, mmoja wa mamajusi, naye akageuka kumtafuta Ikupa kwa macho. Ikupa akamwendea. Halafu mwingine akasahau, akamwendea na huyo. Akawa anazunguka kati ya wachezaji, kutoka sikio hadi sikio, na kila aliyeguswa akafunguka. Wazazi hawakujua habari ya vitenge. Waliona mtoto mwembamba anatokea kusikojulikana, anawanong'oneza wafalme, na wafalme wanasema. Bibi mmoja aliyekaa chini karibu na dirisha aliwapasha wenzake habari kwa kupiga kelele: "Yule ndiye malaika wa kweli! Wale wenye vitambaa ni wa kawaida tu!"

Mwalimu Ferdinand alikuwa amesimama mlangoni, analowa nusu. Hakumwita arudi.

Ikaja zamu ya mwisho ya Herode. Ikupa alikuwa amechoka kushindana na bati, akaona heri apige kelele tu. Akavuta pumzi, akaweka mikono kiunoni kama alivyozoea kufanya nyuma ya vitenge bila kuonwa, na kwa nguvu zake zote akamfokea Rabson:

"Nchi hii ina mfalme mmoja tu, na mfalme huyo ni mimi!"

Mvua ya milimani haina adabu. Ilikuwa imekatika kabla hajafika nusu ya sentensi. Darasa zima lilikuwa kimya, na katika kimya kile sauti ya mtoto wa kike mwenye sweta bovu iligonga ukuta wa nyuma ikarudi.

Ndipo babu wa Ndalambo, mzee wa watu, akainuka kwa taabu kwenye kiti chake, akavua kofia, akainama.

"Shikamoo, mfalme," akasema.

Darasa lililipuka. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, wakapiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele, na Rabson mwenyewe akavua taji lake la kopo akalipachika kichwani kwa Ikupa kwa sababu hakujua la kufanya. Ikupa alitazama nyuso zile zote zilizomtazama. Alingoja sauti yake ikauke. Haikukauka. Akajikuta na yeye anacheka.

"Mpaka leo," alimwambia Mwanaasha, "nikipita sokoni Itaka wazee wananiita Mfalme. Mama aliniongezea nyama mara mbili siku ile, na mama yangu hakuwa mtu wa kuongeza nyama."

Mwanaasha alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Na huyo Rabson?"

"Rabson ni mwenyekiti wa kijiji sasa. Maneno yote aliyokosa utotoni ameyapata ukubwani. Akishika kipaza sauti, ujue chakula kitapoa."

"Nenda," Mwanaasha akasema, akanyoosha mkono wa funguo. "Nenda, dada. Na uniletee kahawa."

Ikupa akaenda. Binti yake Atupele alikuwa darasa la kwanza pale pale Itaka, akiishi kwa bibi yake, na mwaka huo ilikuwa mara yake ya kwanza kuigiza. Shule sasa ina madarasa ya kutosha, dari na umeme. Mwalimu Ferdinand alihamishwa zamani akastaafia kwao, ila igizo halikuhama naye. Atupele alikuwa kondoo. Walimfunika blanketi jeupe na kumvika soksi masikioni, wakamwambia asimame hapo tu. Katikati ya wimbo wa malaika kondoo alimwona mama yake, akampungia mkono. Ikupa akampungia na yeye, bibi wa mtoto pembeni akamfinya paja amwache mtoto afanye kazi.

Rabson alihutubia. Alizungumzia barabara, mbolea na choo cha walimu, na aliposema "kwa kumalizia" watu walijua wana robo saa nyingine. Hakuna aliyekasirika. Wali ulikuwepo, maharage yalikuwepo, na kulikuwa na kuku wa kutosha watoto kugombania paja.

Jioni walirudi nyumbani kwa miguu, bibi mbele na taa ya simu, Ikupa nyuma na Atupele mgongoni, soksi bado zipo masikioni. Njia ilikuwa imelowa na mahindi machanga pande zote mbili yalinukia vizuri.

"Mama."

"Nakusikia, mwanangu."

"Mwakani nataka kuwa ng'ombe."

"Kondoo ana ubaya gani?"

"Kondoo anasimama mpaka mwisho. Ng'ombe amelala kwenye nyasi."

Bibi akacheka huko mbele mpaka taa ikatikisika. Ikupa alimpandisha mtoto vizuri mgongoni, akamwambia shule ikifunguliwa bibi atampeleka kwa mwalimu, waombe mapema, kabla watoto wengine hawajalijua hilo.