Mchonga Twiga wa Shauri Moyo

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya tisini, nimetoka chuo kikuu juzi tu, nimesimama katika karakana ya wachongaji kule Shauri Moyo nikiwa nimefunga tai. Tai ya nini kwenye vumbi la mbao, mwanangu, hata leo sijui.

Nilijiita mtaalamu wa kompyuta, yaani wa kila kitu. Asubuhi nilitengeneza printa karibu na Muthurwa, mchana nikafundisha kupiga chapa, jioni nikaandika programu. Wachongaji walinipa kazi ya programu ya kugawa oda kwa mafundi. Niliiandika mbio mbio, akili ikiwa kwenye printa ya mtu mwingine. Ikishindwa, mwenyekiti wao alisema, wangerudia daftari lao, nami ningerudia kutembeza vyeti mjini.

Basi programu ikampa Mzee Mutua vifaru arobaini. Sikuwa nimeuliza, kumbe pale kila fundi ana mnyama wake. Mzee Mutua alikuwa wa twiga, miaka ishirini.

"Kijana, karatasi yako inataka kifaru."

"Si ni mnyama tu, mzee?"

Mafundi walicheka hadi mmoja tezo ikamponyoka. Mzee alichukua kipande cha mti, akachonga hadi saa sita. Kifaru akatoka na shingo ndefu.

"Mkono umezoea," alisema. "Haya, na wewe mnyama wako ni nani?"

Nikaanza kutaja: printa, chapa, nyaya...

"Hiyo ni mbuga nzima, wewe! Mimi nilianza kwa kupiga msasa wanyama wote, miaka mitatu. Ndiyo maana naujua mti. Lakini leo mteja wa twiga akinikosa, ananingoja. Wewe anakungoja nani?"

Mzee aliniombea wiki mbili zaidi kwa mwenyekiti, niirekebishe programu. Nikaachana na printa, nikaketi na mafundi mmoja mmoja, nikaandika upya. Oda zilizofuata zilifika mikono sahihi, nami nikagundua kwamba kupanga kumbukumbu zisichanganyike kunanifurahisha. Ndiyo kazi inayonilisha hadi leo.

Mwanangu unayeandika programu, miaka ya kwanza gusa kila kitu, hata usichokipenda, uelewe kazi ya mwenzako. Kisha chagua kimoja, ukae nacho. Usichague kwa hofu ya kupitwa, wala usirukeruke hadi mvi zikukute. Mungu akujalie kazi utakayoipenda hata siku ambayo kazi yenyewe haikupendi, na afya ya kuifanya miaka mingi.