Kaburi la Mgomba

Watu wa kwetu Masinya wakiniuliza kazi yangu nawajibu, "Fundi wa gesi," yaishe. Wameniona Busia nikipakia mitungi, wanaamini. Nikisema ukweli, kwamba nazamia mita sitini ziwani kutazama meli zilizozama zamani, wananicheka. "Unaenda mpaka huko, halafu unarudi mikono mitupu?" Ndiyo, mitupu. Tunapima, tunapiga picha, tunachora. Hatuchukui hata msumari. Aliyenifundisha kazi alikuwa akiirudia sheria hiyo mpaka inakera.

Senge, yaani shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, hakucheka. Baba yao, babu yangu, alikuwa mchochea makaa kwenye meli ya mkoloni iliyobeba marobota ya pamba, ikazama na watu wake. Senge alikuwa binti mdogo, baba yangu bado yuko tumboni. Mwili haukupatikana, basi wazee wakazika shina la mgomba pale nyumbani, wakalia, wakanyoa nywele. Senge akalifagia kaburi hilo kila asubuhi. Akaolewa kule Lumino, akarudi mjane, akashika ufagio uleule.

Mwaka jana kikosi chetu kilipoipata meli hiyo, nikamwambia. Mdomo uliponza kichwa.

"Baba iko na bangili ya shaba, mkono ya kulia," akasema. "Wewe nakwenda, naniletea, tunazika. Mimi nachoka kufagia mgomba. Sitaki kufa bado nafagia mgomba."

Nikamwahidi. Ningemkatalia vipi?

Kule chini hakuna rangi, kuna taa yako tu. Unapewa dakika ishirini, kisha kupanda kunakula saa moja na nusu. Unapanda kwa vituo, unaning'inia kwenye kamba, maana ukikimbilia juu, gesi iliyoingia damuni inafura kama soda iliyotikiswa, unapooza au unakufa. Kwa hiyo kichwa kinahesabu: saa, kina, gesi. Miaka mingi ya kazi hii na sasa nahesabu hata nikiwa matangani.

Nikaingia chumba cha tanuri. Kwenye tope, kando ya mlango wa tanuri, palikuwa na mifupa, na kwenye mfupa wa mkono wa kulia bangili, kijani kwa kutu. Nikaimulika. Nikatazama saa: dakika kumi na nne. Nikampiga picha mtu aliyemzaa baba yangu kama ninavyopiga picha boliti, nikatoka bila bangili. Sitasingizia sheria. Sikuhisi kitu, basi. Kule kwenye kamba nilikuwa nawaza chapati.

Nyumbani nilimkuta senge anachambua maharage.

"Umemwona?"

"Nimemwona. Bangili iko mkononi. Nimeiacha."

Nikangoja matusi, na senge ana matusi, mama wee! Akaweka ungo chini.

"Bangili ni yake, akae nayo. Wewe ulisalimia yeye?"

Nikatikisa kichwa.

"Yaani wewe naingia kwa nyumba ya babu yako, namulika yeye na taa, natoka bila salamu? Nani alilea wewe?"

"Senge, kule nina mpira wa kupumulia mdomoni. Hakusemeki."

"Sema na mpira."

Wiki iliyofuata tulishuka tena. Nikapiga magoti, tope likatimka, nikabaki sioni kitu. Nikasema kupitia mpira, "Mulembe, babu," salamu yetu ya siku zote. Ukatoka mngurumo na mapovu. Nikajiona mpumbavu, lakini hata huo upumbavu niliusikia kwa mbali, kama fizi baada ya sindano ya daktari wa meno. Nikatazama saa, nikaondoka.

Senge alikuwa ananingoja uani.

"Nimemsalimia," nikasema.

"Alijibu nini?"

Kumdanganya sikuweza, na kumwambia ukweli sikuweza. Akanitazama. Halafu akageukia upande wa ziwa, akaitikia mwenyewe, kwa sauti nzito ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Mulembe muno."

Kisha akaniambia nilete jembe. "Hapa hakuna mtu," akasema, akionyesha kaburi la mgomba. "Mtu iko kwake. Lima."

Nikalisawazisha, nikaanza kuchimba mistari, yeye akinifuata na mbegu za maharage. Nilipofika katikati, sijui nilitegemea kukuta nini. Jembe likaingia kwenye udongo laini tu, mweusi, mzuri. Nikalia. Nikalia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zangu, nikimlilia babu ambaye nilimpiga picha.

Senge hakunibembeleza. Alisimama na mbegu zake kiganjani, akangoja nimalize.

"Sasa chimba," akasema. "Na mstari yako imepinda."