Mwenyeji Hapatikani

Intaneti ilipofika Bariadi, shangazi yangu alikuja kutoka Ngulyati ili nimwandikie barua pepe mwanawe aliyekuwa akisoma India. Nilipobonyeza kutuma, kompyuta ikatoa maneno ya Kiingereza.

"Inasemaje?" akauliza.

Nami, kwa maringo ya mtu aliyesoma kozi ya kompyuta Mwanza, nikatafsiri: "Mwenyeji hapatikani."

"Atakuwa shambani, si msimu wa pamba huu!" Akavua kandambili, akakaa kumsubiri.

Nikamweleza kwamba mwenyeji ni kompyuta nyingine iliyo mbali, inayopokea barua. Akaitikia "eee" kwa upole, kama anayemsikiliza mtoto.

Baadaye mtandao ukarudi, barua ikaenda. Shangazi akafurahi sana, kisha akaniinamia sikioni: "Lakini huyo mwenyeji umemsalimia?"